Butoni Nyekundu Isiwekwe mu Kioo



Muzee mumoja wa kiwanda cha kusaga mawe alikuja kwangu ku dispanseri, akakaa ku kiti, akaniambia kwa sauti ya chini: «Munganga, damu yangu inaisha.» Nikapima damu, nikapima presha. Hakuna kitu. Nikamuuliza ni nani alimwambia damu inaisha. Akatosha mu mufuko telefone mupya yenye mutoto wake alimununulia, akaigusa na kidole cha mukono wa kuume. Telefone ikanyamaza. Akaigusa tena. Ikanyamaza. «Unaona, munganga? Mutoto akiigusa, inafunguka. Bibi yangu akiigusa, inafunguka. Mimi, inanikatala sawa mutu mwenye alikwisha kufa.»

Nilicheka, naye akacheka kidogo, lakini niliona ya kwamba alikuwa na woga wa kweli. Alikuwa amenunua wembe mupya ili akwangue ile ngozi ya ku ncha ya kidole, sababu jirani mumoja alimwambia hivi: damu iko chini, inaombwa kuifungulia njia. Nikamwambia aache wembe. Nikamuahidi ya kwamba nitaandika mu ukurasa wetu namna gani kioo kinasikia kidole. Lakini pale nilianza kujifunza mambo hayo, nilifika ku neno lenye uzito kuliko telefone ya muzee. Kwa neno hilo ninawaomba musome mupaka chini, na ninawaomba wakubwa wa kazi wasome pamoja nasi.

Watu wengi wanafikiri kioo cha kugusa kinasikia uzito wa kidole. Hapana. Chini ya kioo, mafundi wametia mistari miembamba ya kitu chenye kinapitisha umeme. Mistari hiyo inaitwa elektrodi. Mingine inalala, kutoka kushoto kwenda kuume. Mingine inasimama, kutoka juu kwenda chini, sawa nyuzi za kitambaa. Lakini haigusane, kati yao kuna kitu cha kuzuia umeme. Kompyuta ndogo inatuma umeme kidogo sana mu mustari mumoja wa kulala, inasikiliza mistari yote ya kusimama, kisha inakamata mustari wa pili, wa tatu, mupaka mwisho. Inarudilia kazi hiyo mara makumi mengi kila segonde.

Kati ya mistari hiyo kuna nguvu yenye haionekane na macho. Nguvu ile inatoka juu ya kioo kidogo tu, ni milimetri chache. Sasa mwili wa mutu uko na maji na chumvi ndani, unapitisha umeme. Ukileta kidole karibu, kidole kinachukua sehemu ya ile nguvu. Kompyuta inaona ya kwamba inapokea kidogo kuliko mbele, na inajua: hapa kuna kidole. Ni nguvu ndogo sana, haina ubaya ku mwili, na haikule damu ya mutu yeyote. Ninasema hivi kwa ajili ya muzee, lakini ninajua hako peke yake.

Ginsi mistari inachorwa ni kazi kubwa ya mafundi. Mara nyingi wanaichora kwa umbo la almasi ndogo ndogo zenye kushikana ku ncha. Kutoka elektrodi moja mupaka ya jirani ni karibu milimetri 4 ao 5, na ncha ya kidole cha mutu mukubwa iko na upana wa karibu sentimetri 1. Basi kidole kimoja kinafunika zaidi ya elektrodi moja. Kompyuta inapima ni ipi imepoteza nguvu zaidi, ni ipi imepoteza kidogo, na inahesabu fasi ya katikati. Kwa hiyo unaweza kugusa herufi ndogo na kidole kinene, na kioo kinakuelewa.

Hapa niruhusu kidogo nitoke inje ya njia, juu sisi ni watu wa shaba. Mu mwaka wa 1965, Muingereza mwenye kuitwa E. A. Johnson, mwenye alikuwa anatumika ku kituo cha rada cha Malvern, aliandika juu ya kioo cha namna hii. Kisha mu miaka ya 1970, ku CERN, karibu na Geneva, Bent Stumpe na Frank Beck walitengeneza kioo cha kugusa kwa kuongoza mashini yao kubwa, SPS, yenye ilianza kutumika mu 1976. Na elektrodi zao walizichora na nini juu ya kioo? Na shaba, ndugu musomaji. Mistari ya shaba yenye upana wa mikrometri 80, ni kusema unene wa unywele mumoja, na kati ya mustari na mustari mikrometri 80 vile vile, ili macho isiione. Siku hizi, telefone nyingi ziko na oksidi ya indiumu pamoja na bati, ile madini yenye ilichimbwa Manono kwa miaka mingi, sababu mutu anaweza kuona kupita ndani yake sawa dirisha. Lakini mu vioo vikubwa mafundi wengine wamerudia shaba, nyuzi nyembamba sana zenye kupangwa sawa wavu. Mutoto akikuuliza shaba ya baba inaendaka wapi, unaweza kumuonyesha kioo kikubwa cha namna ile, hata kama nyuzi zenyewe hatazione.

Turudie muzee wetu. Nilifungua mukono wake: ni mukono wa mutu mwenye alishika chuma miaka mingi. Ngozi ya ncha ya kidole ilikuwa nene na kavu sawa kisigino. Ngozi kavu ya namna ile inasukuma nyama yenye maji mbali na kioo, na kioo hakisikie kitu. Hii hapana ugonjwa. Nilimwambia anawe mikono na sabuni, aikaushe, na magaribi apakae vazelini ao mafuta ya ngazi mupaka ngozi ilainike. Aguse na tumbo la kidole, hapana na ncha. Ao aguse na kidole kidogo, sababu kile hakikutumika sana. Na kile kioo cha pili chenye watoto wanabandika juu ya telefone kwa kuikinga, kama ni kinene sana, akitoshe. Lakini wembe, hapana! Nimeona vidole vyenye kuvimba na kutoka usaha juu ya wembe, na mutu mwenye ugonjwa wa sukari anaweza kupoteza kidole kizima kwa kidonda kidogo sawa hicho.

Sasa ninafika ku ile neno nzito. Kama ngozi nene inatosha kwa kumuziba kioo masikio, ni namna gani na mufuko wa mukono?

Mimi ninavaa mifuko ya mupira kila siku kwa kufunga vidonda. Ni miembamba sana, na nikigusa kioo pamoja nayo, mara nyingi kinanisikia: nguvu inapita kati ya mupira mwembamba. Lakini mifuko ya ngozi ya mufundi wa mashini, ao mifuko minene ya mupira ya watu wa asidi, inaweka kidole mbali na elektrodi. Hata milimetri 2 ni safari ndefu kwa nguvu ile ndogo. Kioo kinanyamaza.

Mu kampani moja yenye nilitumika mbele, walitosha butoni za zamani mu fasi ya asidi, wakaweka kioo cha kugusa. Kilikuwa kizuri kweli: pompi zote zinaonekana na rangi, vane zote na namba zao. Wageni walikuja kukiangalia. Siku za kwanza, wafanya kazi walikuwa wanavua mufuko wa mukono wa kuume, wanagusa, wanavaa tena. Kuvua na kuvaa mara makumi mbili mu kazi ya siku moja kunachokesha. Kisha siku chache nikaanza kuona mifuko yenye kukatwa kidole cha kuonyesha, ncha tu, kazi safi ya makasi. Kapita aliona, akanyamaza, sababu kazi ilikuwa inaendelea.

Kisha akaja kijana mumoja, kidole kimefungwa na kitambaa. Alishika mupini wa vane wenye ulikuwa na asidi juu yake, asidi ikaingia mu ile ncha yenye kukatwa. Hakunawa mara moja. Alipangusa ku nguo na akaendelea, sababu hakupenda watu wajue. Ukucha ulitoka. Pale nilikuwa ninafunga kidonda, aliniomba kitu kimoja tu: nisiandike karatasi ya aksida, juu alikata kifaa cha kampani. Nikaandika. Alinikasirikia zaidi ya miezi miwili, tulikuwa tunapishana ku njia bila salamu, na mama yake alikuja kuniuliza ni ubaya gani alinifanyia.

Ku karatasi ile, fasi ya sababu, walitia: «Mufanya kazi aliharibu kifaa cha kujikinga.» Ni kweli. Lakini ni nusu ya kweli. Makasi ilikuwa mu mukono wa kijana. Nani alimupatia sababu ya kuikamata? Walimupa mufuko wenye kioo hakisikie, na kioo chenye hakipende mufuko, na saa ya kumaliza kazi haikuongezwa. Mutu akiwekwa kati ya vitu viwili vyenye havipatane, atakata kile chenye kiko laini. Nilipaswa kuongeza maneno hayo ku ile karatasi. Sikuyaongeza. Ninayaandika hapa.

Wewe mwenye unatumika karibu na asidi, neno moja mbele ya kuendelea: ikigusa ngozi, kimbia ku maji palepale, maji ya kutiririka, kwa dakika 20 ao zaidi, na vua pete na mufuko chini ya maji. Usipake mafuta, usipake dawa ya meno. Kisha kuja kwetu, hata kama unaona si kitu.

Niliuliza ingeniere mumoja kama kioo hakiwezi kutengenezwa kisikie hata mufuko munene. Alinijibu kwa heshima, na alinifundisha. Inawezekana, akasema. Unaweza kuongeza upana wa elektrodi ili nguvu ifike mbali zaidi juu ya kioo, na unaweza kuamuru kompyuta isikilize hata mabadiliko madogo sana. Lakini maji nayo inapitisha umeme. Kioo chenye kusikia mufuko munene kinaanza kusikia hata tone la maji, na maji ikitiririka juu yake, inaunganisha elektrodi nyingi, kompyuta inafikiri ni vidole vingi. Ukipunguza masikio yake ili isisikie maji, haisikie tena mufuko. Mafundi wanajua njia za kutenganisha tone na kidole, na wanaendelea kuzitengeneza vizuri. Lakini fasi yenye mufuko ni munene na maji inaruka kila saa, kama vile kwa kuosha mawe, mambo hayo mawili yanavutana sawa watu wawili ku kamba moja.

Kuna vioo vya namna ingine, vyenye kusikia uzito. Viko na nguo mbili nyembamba zenye kupitisha umeme. Ukisukuma, ya juu inagusa ya chini. Mumarekani G. Samuel Hurst na wenzake walivitengeneza mu miaka ya 1970. Vile vinakubali mufuko wowote, hata kijiti. Ubaya wao ni kwamba uso wa juu ni laini, unakwaruzika na kuchoka, na picha haing'ae sana. Kwangu mimi, ku mashini ya kiwanda, afazali picha yenye kufifia kidogo na vidole kumi.

Na sasa ya butoni ya kusimamisha mashini.

Tarehe 21 mwezi wa munane mwaka wa 2017, meli ya vita ya Marekani, USS John S. McCain, ilikuwa inapita fasi nyembamba ya bahari karibu na Singapore, fasi yenye meli nyingi sana. Usukani na nguvu ya injini za meli ile viliongozwa na vioo vya kugusa. Wakati wa kugawanya kazi kati ya wasukani wawili, uongozi wa usukani ulihama kutoka meza moja kwenda ingine bila wao kuelewa. Mwenye alikuwa ku usukani aliona kioo hakimutii tena, akasema usukani umeharibika. Pale walipunguza mwendo, injini ya upande mumoja ndiyo ilipungua, ya upande mwingine ikaendelea, na meli ikazunguka mbele ya meli kubwa ya mafuta, Alnic MC. Waliigongana. Mabaharia 10 walikufa. Uchunguzi ulionyesha sababu nyingi: uchovu, mafundisho madogo, na pia namna vile vioo vilitengenezwa. Mu 2019, jeshi la bahari la Marekani likaamua kurudisha mipini ya kushika na mukono kwa kuongoza injini za meli za namna ile.

Usukani haukuharibika, hata dakika moja. Ni watu hawakuweza kujua, kwa mukono wao, nani anashika nini. Mupini unaambia mukono wako fasi gani uko, hata mu giza, hata pale macho inaangalia ngambo. Kioo hakiambie mukono kitu. Ni laini popote, fasi ya «enda» na fasi ya «simama» ni sawasawa.

Kwa hiyo ninasema, na ninakubali mukubwa yeyote anipinge mu ukurasa huu: mashini yenye inaweza kuua mutu, isimamishwe na butoni ya kweli. Nyekundu, fasi ya nyuma njano, sawa kichwa cha uyoga, yenye mutu anaweza kuipiga na kiganja, na kisukusuku, na mugongo kama mikono imekamatwa. Haya hayatoke mu kichwa changu: sheria ya kimataifa ya mashini, ISO 13850, inaomba rangi hizo, inaomba ibakie chini kisha kupigwa, na ya kwamba kuiachilia tu kusiwashe mashini tena. Picha ya butoni nyekundu mu kioo hapana butoni. Siku moja kioo kitakuwa na matope juu yake, ao maji, ao kitapasuka, ao mwenye kusimama karibu atakuwa amevaa mifuko minene, na mukaba wa mawe utakuwa umekamata kombinezo ya mutu.

Wengine wataniambia: «Wewe ni wa dispanseri, mashini si kazi yako.» Kweli. Lakini vidole vinakuja kwangu.

Neno kwa mafundi wa umeme: siku hizi kuna mifuko yenye kusokotwa na nyuzi za kupitisha umeme ku ncha za vidole, ili telefone isikie. Ni mizuri kwa baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita. Lakini fikiri: mufuko wenye unapitisha umeme ili kioo kikusikie, hauwezi kukukinga na umeme. Usiuvae hata siku moja ku kabini ya umeme pa fasi ya mifuko yako ya mupira ya kuzuia umeme.

Na kwa mama ku nyumba: mikono yenye maji ya kuosha vyombo inachanganya telefone, unaweza kufuta namba ao kutuma feza kwa mutu mwenye haumujue. Kausha mikono kwanza. Sana sana, usiishike na mikono yenye maji pale iko ku umeme. Kioo chenye kimepasuka, tia skochi juu yake mupaka kitengenezwe, juu vipande vidogo vinaingia mu kidole cha mutoto na ni taabu kuvitosha; nilipitisha magaribi mazima na pensi juu ya kipande kimoja chenye sikukiona.

Mama mumoja aliniuliza kama ile indiumu inaleta ugonjwa. Mu telefone, hapana: ni nguo nyembamba sana yenye kufungwa chini ya kioo. Lakini vumbi yake ni jambo lingine. Mu 2003, waganga wa Japani waliandika juu ya mufanya kazi mwenye alikuwa anatumika na vumbi ya oksidi ile ya indiumu na bati, mapafu yake ikaharibika, akafa. Kisha wakaonekana wagonjwa wengine. Sisi wenye kuishi na vumbi ya mawe, habari hiyo haitushangaze. Huyu ni ndugu yetu, hata kama alikuwa mbali na alikuwa anatengeneza kitu kisafi sana. Mutoto asivunje kioo cha telefone na nyundo kwa kucheza, na mwenye kutengeneza telefone asisage kioo bila mask.

Yule kijana wa kidole, tulisalimiana tena ku matanga ya mutu wa mutaa wetu. Ukucha ulirudi, umepinda kidogo. Na muzee wa kusaga mawe alipita juma lililopita, hapana kwa ugonjwa. Alitaka tu nione picha ya mujukuu wake, mwenye alizaliwa Kolwezi. Aliitafuta yeye mwenyewe, polepole, na kidole kidogo, mukono unanukia mafuta ya ngazi.